Mpima Kona na Mwanzi Wake

Ukiiona baiskeli nyeusi inakuja polepole kwenye barabara ya Mayoni, nyuma imefungwa mwanzi mrefu wenye gurudumu la wilbaro mwishoni, basi ujue kesho trela za miwa zitapita hapo. Ndivyo ilivyokuwa. Watoto walikimbia kumwangalia, mbwa walimbwekea, na akina mama waliokuwa wameanika mahindi kando ya njia walianza kuyazoa bila kuambiwa. Sisi madereva tulimwita Mpima Kona. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, tena zuri, lakini yadini, pale tulipolaza matrekta, halikutumika, na mimi nikilitumia leo nitahisi ninasema habari za mtu mwingine.

Mimi ni wa Malinya, kule kwetu kwa kupiganisha mafahali. Nilikwenda Mumias miaka ya tisini ikianza, nina leseni mpya na kichwa kikubwa. Tajiri mmoja alikuwa na matrekta saba ya kubeba miwa kutoka mashambani hadi kiwandani, akaniajiri. Sasa, kuendesha trekta tupu ni kazi ya mtu yeyote mwenye miguu miwili. Kuvuta trela mbili zilizojaa miwa kwenye vijia vya Matungu ni habari nyingine kabisa. Unapinda, kichwa kinapita vizuri, unajisifu, kumbe huko nyuma trela ya pili inakata kona kwa ndani na imeshabeba ua wa mtu, migomba miwili na kamba ya nguo. Trela haipiti ulipopita wewe. Ina njia yake ya mkato, na haikuulizi.

Ndiyo maana yule mzee alikuwa na kazi. Leo gari linaongea, linakuambia pinda hapa, nenda mita mia mbili. Siku zile aliyetuambia pinda hapa alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, suruali ameikunja na kuifunga kamba isinaswe na mnyororo wa baiskeli.

Mwanzi ule aliukata mwenyewe, urefu wake sawasawa na kutoka nyuma ya trekta hadi kwenye magurudumu ya trela. Mwishoni aliufungia kijiti cha kukingama chenye upana wa trela, na kila ncha ya kijiti akaning'iniza mkebe wenye kokoto. Akifika kwenye kona anaiendea vile trekta ingeiendea, anachukua nafasi ya kutosha, anapinda, halafu anatega sikio. Mkebe ukigusa ua, unalia. Ukilia anashuka, anatazama, anarudi nyuma, anajaribu tena, mara tatu. Ukinyamaza, anatoa chokaa mfukoni na kuchora alama kwenye jiwe au shina la mti. Duara ilikuwa ruhusa ya kupita. Mstari mmoja, pita na trela moja tu. Mistari miwili, usijaribu hata ukiwa umelewa. Kwa njia za trela mbili alifunga mianzi miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na hapo ndipo kijiji kizima kilitoka kuja kutazama.

Asubuhi yadini alitupanga, kila dereva na njia yake. "Wewe utapitia shuleni, lakini usigeukie shuleni, nenda mpaka kwa posho mili, pale wanaposaga unga, kuna uwanja. Wewe, daraja la pili lina ubao umeoza upande wa kushoto, kaa kulia. Na wewe wa Malinya, leo unaenda mahali pa kurudi kinyumenyume. Njoo hapa." Akavua ndara zake, akazifunga pamoja kwa uzi wa kiatu, moja trekta, nyingine trela. Akanipigisha magoti mchangani mbele ya wanaume wazima nisukume ndara.

"Unataka mkia uende huku? Usukani peleka kule. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Rudia."

Nilirudia mpaka chai ikapoa. Wenzangu walicheka hadi machozi, na haki ya Mungu nilimchukia siku hiyo. Jioni nikarudisha trela kati ya kisima na zizi la ng'ombe bila kugusa kitu, nikamsamehe.

Alikuwa na swali lake moja, na aliliuliza kila mahali: "Kichwa kimefika. Mkia je?" Ukimwambia umemaliza safari, anauliza hivyo huku anazunguka nyuma ya trela kutafuta majani ya watu. Dereva mwenzetu alipotangaza amepata mchumba, mzee alimpongeza, akamshika mkono, akauliza, "Kichwa kimefika. Mkia je? Kwao umeenda?" Na yule kijana, kumbe hajaenda. Mbunge alikuja uwanjani kuahidi barabara ya lami, makofi yakapigwa. Yeye alinong'ona tu swali lake, na benchi letu lote likaanguka kicheko hadi askari akaja kutuangalia.

Sasa sikia maajabu yake. Mtu huyu hakujua kuendesha trekta. Hata kupanda juu hakupenda. Tulimwomba apande angalau kwenye bawa la gurudumu apumzishe miguu, akakataa miaka yote. "Nikikaa juu, sitaona mkia," alisema, akashika baiskeli yake. Maisha yake yote yalikuwa ya miwa, lakini chai alikunywa bila sukari. Sukari aliisindikiza mpaka mlango wa kiwanda, akaiachia hapo. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, mabinti wameolewa, na nyumbani alijipikia mwenyewe. Alikuwa na mkono mzuri wa obusuma, ugali wa kwetu, lakini kuku alimwunguza kila mara kwa sababu alimwacha jikoni akaenda kutazama njia.

Ijumaa, saa saba kasorobo, kazi yake ilisimama. Sisi karibu wote tulikuwa Wakristo, lakini tulizima injini karibu na msikiti na kumngoja, maana nani angetuongoza? Akitoka msikitini, kanzu nyeupe pe, anatusalimia "Asalaam aleikum" na sisi tunaitikia kwa kelele kama darasa la pili. Mwezi wa Ramadhani tulijificha nyuma ya trela kunywa maji. Alitufumania siku moja. "Kunyweni hapa mbele," akasema. "Aliyefunga ni mimi, si trekta."

Na mjini alipotea. Wacha we! Mtu anayejua kila mti kuanzia Mumias hadi mto, mlete Kakamega mjini uone. Nilimsindikiza siku moja kuchukua miwani hospitalini. Nikamwambia, mzee, simama hapa karibu na posta, ninanunua betri za redio, narudi. Niliporudi hayupo. Nilizunguka soko lote, stendi yote, nimeloa jasho, nafikiri nitawaambia nini mabinti zake. Mwishowe nikasikia watu wanashangilia nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Dereva wa lori lenye trela alikuwa amenaswa kwenye kichochoro, hawezi kwenda mbele wala nyuma, na mzee wangu yuko katikati, mikono juu, anamrudisha inchi kwa inchi. Trela ilipotoka, watu walimpigia makofi. Yeye akanishika mkono wa shati kwa nguvu. "Kijana wa Malinya," akasema, "nitoe hapa. Hapa hakuna njia, kuna maduka tu."

Lakini kulikuwa na kona moja iliyomshinda, nayo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Kutoka barabara kubwa hadi mlangoni kwake kulikuwa na kijia kizuri, kipana, mpaka unafika mahali kinapopinda. Nje ya kona kuna chemchemi ambayo kijiji kizima kinateka maji, hapo huwezi kukanyaga. Ndani ya kona kuna jiko la jirani yake, Mama Aziza, mjane kama yeye. Kila mwanzo wa msimu mzee alipita hapo na mwanzi wake, na kila mwaka mkebe uligonga ukuta wa jiko. Alishuka, akatazama, akarudia mara tatu, akachora mistari miwili kwenye jiwe, akaenda zake. Kwa hiyo huyu aliyetuonyesha sote njia, miwa yake mwenyewe ilitoka shambani nyuma ya nyumba juu ya vichwa vya vibarua, mzigo kwa mzigo, mpaka barabarani. Ilichelewa, ikakauka juani, ikawa myepesi. Aliniambia mara moja tu, tumekaa kivulini: "Ninataka kuona trela imesimama mlangoni pangu kabla sijafa. Hata mara moja." Alisema hivyo halafu akaanza kusafisha miwani, na mimi nikaona nitazame kando.

Nilimwambia, "Mzee, si uchore duara tu? Mimi nitapita kwa ujanja."

"Ujanja ni wa kichwa. Mkia haunanga ujanja."

"Basi mwombe mama asogeze jiko."

Akaniangalia kama nimetukana. "Jiko la mwanamke unaliomba aje? Leo utaomba jiko, kesho utaomba nini?" Mambo yakaishia hapo.

Miaka ya tisini ilipoanza kuzeeka, akaja kijana kutoka Nairobi kuchora ramani ya mashamba. Alikuwa na kidude cheusi chenye antena, akatuambia kinaongea na setilaiti huko juu na kinajua mahali ulipo duniani. Sisi tulinuna. Tulifikiri ndiyo kazi ya mzee imekwisha. Yeye mwenyewe, ala, alifurahi kuliko sote! Alikishika kwa mikono miwili, akatembea nacho hatua kumi kuona kama namba zitabadilika. Zikabadilika, akacheka peke yake. Kijana akamwonyesha mshale wa kuelekea shamba la mbali, na mshale ukanyooka moja kwa moja kuvuka mto mahali ambapo hata mbuzi hapiti.

"Huu mshale ni wa ndege," mzee akasema kwa upole. "Sasa niambie, kinajua kama navuta trela?"

"Hapana, mzee."

"Kinajua kuna nini nyuma yangu?"

"Hapana. Kinajua tu kilipo."

Mzee alikitazama kwa huruma ya kweli. "Maskini. Kinajua kilipo tu."

Basi wakawa marafiki. Wiki nzima walizunguka pamoja, kijana anasoma namba, mzee anasema na vijitabu vinaandikwa: hapa trela mbili, hapa moja, hapa geukia kwa posho mili. Kijana akirudi yadini amechomwa jua, anarudia kwa sauti ya mzee, "Mkia je?" Alipoondoka, mzee alimpa jogoo.

Msimu huohuo ndio nilifanya jambo langu. Ilikuwa Ijumaa. Miwa ya mzee ilikuwa imekatwa, imelala shambani siku ya pili, vibarua hawajafika. Nikasema moyoni, leo namfanyia mzee mambo makubwa. Akitoka msikitini akute trela mlangoni. Ilikuwa trela moja, nayo tupu, nikajiambia mimi si mgeni tena, mwanzi wa nini? Nikaingia kile kijia, nikafika kwenye kona, nikachukua nafasi hadi karibu na chemchemi, nikapinda. Kichwa kikapita vizuri sana. Nikatabasamu. Halafu nikasikia kitu kinasema kwaa, halafu puu, halafu kuku wote wa kijiji wakapiga kelele.

Nilishuka mbio. Ukuta mzima wa jiko ulikuwa chini, bati moja limekaa juu ya trela, na sufuria ya maharagwe imepinduka mafigani. Mama Aziza alikuwa uani anapepeta mtama, ungo bado mkononi. Akatazama jiko, akatazama trela, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Umeingia bila hodi."

Mzee alitufikia akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Alizunguka trela yote, akagusa ukuta ulioanguka, akarudi mbele yangu. "Kichwa kimefika," akasema. Halafu alinikaripia vile sijawahi kukaripiwa hata na baba yangu. Mama Aziza angekuwamo ndani je? Mtoto wa watu angekuwa amekuja kuomba moto je? Nililia, mtu mzima. Nilijua ana haki kwa kila neno. Mwishowe akageuka, akamwinamia yule mama na kumwomba radhi kama ni yeye aliyeuvunja, akaahidi jiko litasimama tena Jumapili.

Jumapili tulikuja madereva wanne, majembe, maji na udongo. Mzee akavua viatu akaingia kukanyaga udongo pamoja nasi. Nikachukua mti wa kwanza, nikautia kwenye shimo lilelile la zamani. Mama Aziza akatoka na birika la chai.

"Msirudishe hapo."

Tukasimama. "Wapi basi, mama?" nikauliza.

"Kule, karibu na mparachichi. Hapa moshi unaingianga chumbani kwangu. Tangu marehemu alijenge, mimi nakohoa tu."

Mzee aliacha kukanyaga udongo. "Ulitakanga kulihamisha?"

"Miaka minane! Lakini ningehamisha na nani? Na wewe jirani yangu, kazi yako ni kupita hapa na mti wako. Mkebe unanigongea ukuta, unashuka, unachungulia jikoni kwangu, unaenda. Unarudi. Mara tatu! Kila mwaka!"

"Nilikuwa napima kona."

"Kazi yako si naijua? Kona ilikukataa mwaka wa kwanza. Mwaka wa nane unaipimia nini?" Akaweka birika chini. "Mimi nilidhani una neno la kuniambia, na linakushinda kutoka."

Kwanza dereva mmoja akakohoa, mwingine akakaa chini kwenye udongo, na sote tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mzee alirekebisha kofia yake, akairekebisha tena. Mama Aziza naye alikuwa anacheka ndani ya leso yake. Jiko tukalijenga kwenye mparachichi, na siku hiyo hakuna aliyefanya kazi kwa bidii kuliko yule mzee.

Ukuta ulipokauka, alileta baiskeli na mwanzi. Alipita kwenye kona mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu tulikuwa tumeshika pumzi wote, na Mama Aziza amesimama mlangoni mwa jiko jipya. Mikebe haikusema kitu. Akatoa chokaa, akafuta mistari miwili kwa kiganja, akachora duara.

Niliingia na trekta, trela moja. Yeye alikuwa mbele yangu, anarudi kinyumenyume, mikono juu, macho yake hayakunitazama mimi hata kidogo, yanatazama huko nyuma. Kushoto kidogo. Njoo. Njoo. Nilipozima injini mlangoni kwake, alizunguka akaenda kuweka mkono kwenye gurudumu la mwisho la trela, akakaa hivyo. "Mkia umefika," akasema. Nilishuka nikamkumbatia, matope na yote, na sijui nani kati yetu alianza kulia.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya lori karibu na kwetu, nikahama. Nilirudi kumwona mara moja, watu wakiwa hawazungumzi jingine ila mwaka elfu mbili unaokuja. Nilimbebea ingokho, kuku wa haja, na sukari kilo mbili kwa utani. Duara kwenye jiwe ilikuwepo bado, imepakwa upya. Nikafika mlangoni kwake, nikakuta kufuli. Kufuli lenye kutu, na nyasi zimeota kizingitini. Nilisimama pale na kuku wangu, na roho ikaniuma vibaya, nikajilaumu kwa kila mwezi niliosema nitakuja mwezi ujao.

Nikageuka kwenda kumwuliza jirani. Karibu na mparachichi nikauona mwanzi. Umefungwa kati ya miti miwili bila mikebe, na juu yake kumeanikwa leso mbili na kanzu moja. Kutoka jikoni ikasikika sauti ninayoijua.

"Huyo anatembea na visigino. Ni wa Malinya."

Walikuwa wameoana mwaka na nusu, na hakuna aliyenitumia salamu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ametuma. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, miguu imemchoka, lakini uso umejaa, na miwani mipya. Mama Aziza alimchukua kuku, akanisukumia kigoda, akamimina chai. Tulicheka juu ya ukuta ule hadi maharagwe ya siku hiyo nayo yakaungua. Niliuliza baiskeli iko wapi, wakaniambia anaendesha mjukuu. Niliuliza njia anapima nani, akaniambia wanatumia vile vijitabu, na vimepatia.

Mwishowe nikamwuliza lililokuwa moyoni mwangu. "Mzee, miaka minane. Kwa nini hukumwuliza siku ya kwanza?"

Akafikiri, kikombe kiko kwenye goti.

"Unakumbuka kile kidude cha kijana wa ramani?"

"Nakumbuka."

"Basi mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilijua nilipo tu."

Mama Aziza alifungua sukari yangu, akamtilia kijiko kimoja kwenye chai, akamtazama, akaongeza cha pili, na mzee akainywa yote.